Farasi Aliyefichwa Ng'ambo ya Mto

Dada yangu Saturnina alivuka mto asubuhi akimvuta farasi wake, Lucero, bila tandiko. Nilipomwona tu nikajua kuna jambo, maana saa ile alipaswa awe ameshafika kwenye njia, amesimama na wenzake, anasubiri wageni wanaokuja kupanda mlima wa rangi.

"Mdogo wangu, nitunzie huyu siku chache," alisema.

"Ana nini? Kwato tena?"

"Hana kitu."

"Basi mbona unamleta?"

Alikuwa anafunga kamba kwenye ukuta wa zizi langu. Akafunga, akafungua, akafunga tena. Kisha akasema bila kunitazama, "Edi amepiga simu. Wakwe wanakuja. Hataki wamkute mama yake akiwashikia watu hatamu za farasi. Amesema kwa wema, Leandra, usimfikirie vibaya. Anataka nipumzike."

"Amesema upumzike, au amesema umfiche farasi?"

Alitoa ndani ya mbeleko yake kizibao chekundu cha chama chetu cha waongoza farasi, akakikunja vizuri kama nguo ya marehemu, akanipa. "Na hiki pia."

Nikakipokea. Aibu ilinishika, na wala haikuwa yangu.

Edi ni Edilberto, mwanawe wa pekee. Aliondoka kijijini sauti yake bado haijavunjika, akaenda Lima kwa baba yake mdogo, akakulia huko kando ya bahari. Sasa ni msimamizi wa ghala la vitambaa, mtu wa shati lililonyooshwa. Simlaumu kwa hilo. Huku kwetu juu baridi inalala na watu na inaamka nao. Anayepata njia ya kushuka, ashuke. Lakini ukweni alikuwa amejenga maneno makubwa. Kwamba mama yake ana alpaka, wale wanyama wetu wa sufi, wasiohesabika. Kwamba hachungi mwenyewe, ana watu. Alpaka wa dada yangu wanaenea kwenye ua wa kanisa na nafasi inabaki ya kuchezea mpira. Anayemlisha ni Lucero. Hata bati la nyumba ile waliyokuja kulala wakwe lilitoka mgongoni mwa Lucero.

Na Edi alikuwa amewaambia neno jingine: kwamba yeye milima haimwezi.

Mchumba wake anaitwa Yesenia, binti wa Chorrillos, huko huko Lima, mwenye maneno machache na macho yanayoona. Baba yake, Don Hipólito, alikuwa fundi bomba, sasa amestaafu. Mzee huyo alikuwa ameona picha ya mlima wetu kwenye kalenda, akaapa kwamba hafi kabla hajasimama mbele yake. Basi alijiandaa kama mtu anayejiandaa kuoa. Miezi mizima alikuwa akipanda kilima cha mchanga nyuma ya nyumba yake, amevaa viatu vile vile atakavyokuja navyo, ili viujue mguu. Alikwenda kwa daktari. Aliacha bia. Na safari ilipofika, yeye na mkewe Doña Zoila na binti yao walitangulia mji wa Cusco, huku juu, wakakaa karibu wiki nzima, wakitembea polepole na kulala mapema, damu izoee hewa nyembamba.

Edi hakutangulia nao. Kazi, alisema. Alipanda ndege ya mwisho kabisa, akawakuta stendi, na siku ile ile wakapanda gari kuja kwetu. "Wanaozoea ni wageni," aliwaambia. "Mimi narudi nyumbani."

Mchana walipofika nilikuwa jikoni kwa dada yangu namenya viazi. Nilitambulishwa kuwa mama mdogo, basi, na hapo utambulisho ukaishia. Saturnina alivaa sketi yake ya sikukuu na kofia mpya, akakaa pembeni kwenye nyumba yake mwenyewe kama mtu aliyealikwa kimakosa.

Don Hipólito alitandaza vitu vyake kitandani ili ahakikishe hakuna kilichosahaulika. Sweta, glovu, kofia ya sufi, koti la mvua, maji, peremende za limau, mafuta ya kujikinga na jua. Alikuwa anakishika kila kitu na kukirudisha.

"Mama," alimwambia Saturnina kwa heshima, "nimesikia asubuhi jua linachoma na mchana mvua ya mawe inapiga. Ni kweli?"

Edi akamtafsiria kwa Kikechua, lugha yetu. Dada yangu akacheka kidogo, mara ya kwanza siku ile, akasema, "Mwambie hapa kwetu misimu yote inakuja siku moja. Koti liwe juu ya mfuko, lisiwe chini. Na wewe mwanangu, mbona kijikoti chako ni chepesi hivyo?"

"Anasema ndiyo," Edi akawaambia wakwe.

Saturnina akaleta birika la chai ya majani ya koka na nanaa ya mlimani, inayosaidia pumzi huku juu. Akammiminia kila mtu, na Edi akammiminia zaidi.

"Mama, hiyo wape wageni."

"Kunywa. Umetoka chini leo leo, hujalala hata usiku mmoja."

"Mama! Nimezaliwa humu humu ndani." Akageuka kwa wakwe, sasa kwa Kihispania, akicheka: "Anasema mimi hata sihitaji, nimeshazoea."

Nilimtazama dada yangu. Yeye alikuwa anatazama birika. Na mimi nilijua jambo ambalo Edi hakulijua: dada yangu anaelewa Kihispania. Anakielewa chote. Edi aliondoka kabla wageni hawajaanza kumiminika kwenye mlima wetu, na kichwani mwake mama alibaki yule yule wa zamani, asiyejua neno ila la kuuliza bei ya chumvi.

Doña Zoila, mwanamke mnene mchangamfu, alimshika Saturnina mkono akaugeuza kiganja juu. "Huu ni mkono wa kazi, kama wangu. Muulize mama yako, siku zake anashughulika na nini?"

Edi akamgeukia mama yake. "Anauliza unafanya nini siku za kawaida."

Saturnina aliurudisha mkono wake mapajani. Kisha akamuuliza kwa sauti ya chini, "Nimwambie nini?"

"Sema chochote. Mimi nitajazia."

"Mwambie namshukuru Mungu kwa kuwaleta salama."

"Anasema," Edi akatafsiri, "yeye anawasimamia wachungaji tu, na kufuma kidogo kujifurahisha."

"Heri yake!" alisema Doña Zoila. Masikio ya dada yangu yakawa mekundu chini ya ile kofia mpya. Nilikata kiazi vipande ambavyo havikuhitajika.

Chakula kilipotengwa, Don Hipólito alikunywa supu tu. "Daktari amesema tumbo jepesi," akasema.

"Mzee, tumbo tupu halipandi mlima," alisema Edi, akajipakulia simbilisi wa kuchoma, akajipakulia na nyama ya kondoo yenye mafuta, akafungua bia, kisha nyingine. Saturnina aliivuta sahani ya mwanawe kwa upole. Edi akaivuta ikarudi, bila hata kumwangalia, huku anawasimulia wakwe jinsi alivyokuwa akikimbia mlimani peku utotoni. Yesenia peke yake hakucheka. Alikuwa ameona ile sahani ikienda na kurudi.

Niliondoka jua likiwa bado juu, maana farasi wawili walikuwa wananisubiri.

Kesho yake nilikwenda njiani na Lucero. Jike langu lilikuwa na mimba nzito, na farasi kufichwa si sababu ya kukosa kazi. Asubuhi ilikuwa safi, theluji ya mlima Ausangate inang'aa, na sisi waongoza farasi tumejipanga kwenye mstari wetu, vizibao vyekundu, tunapuliza viganja. Edi akaja mbele ya wakwe zake, viatu vipya vyeupe, mikono mfukoni.

Nicasio, aliyechunga naye kondoo wakiwa wadogo, akapaza sauti kwa Kihispania, "Karibu mgeni! Farasi, bwana? Mlima ni mrefu!"

"Nicasio, mimi unanipa farasi?"

"Nawapa wenye midomo ya buluu. Yako bado ni ya waridi, nenda tu. Tutaonana."

Mstari mzima ukacheka. Edi naye akacheka, kwa meno tu. Akasogea mbele na macho yake yakanifikia. Yakafika kwenye kizibao changu, yakafika kwa Lucero, yakakimbia kama mkono ulioshika sufuria la moto. Alinipita. Mimi niliyembeba mgongoni akiwa na homa ya surua, alinipita kama mtu apitavyo jiwe la mpakani. Doña Zoila aliinua mkono nusu, hana hakika kama ni mimi, kisha akaushusha.

Tuliwafuata kwa mbali, kama kawaida yetu, maana miguu ya watu huanza kubadili mawazo baada ya kitambo. Don Hipólito alikwenda kwa hatua fupi, anasimama, anavuta pumzi, anamung'unya peremende, anaendelea. Hakuona haya kwenda polepole. Edi alikuwa mbele kabisa, anageuka nyuma anaita, "Twendeni wazee wangu, kobe wametupita!" Kisha akaacha kuita. Kisha akawa hageuki tena.

Pale bonde linapofunguka na milia ya mlima inapoanza kuonekana, wekundu wa udongo, kisha manjano, kisha kijani kama kutu ya shaba, wakwe wote walisimama midomo wazi. Edi hakutazama. Alikaa kwenye jiwe, akashika kichwa kwa mikono miwili, akatapika. Simbilisi na kondoo na bia, vyote juu ya vile viatu vyeupe.

"Edi!" Yesenia akamkimbilia.

"Si kitu. Ni yale... mafuta." Ulimi ulikuwa mzito. Alijaribu kusimama, akarudi chini. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zabibu.

Nicasio alikuja mbio akiwa na kicheko tayari mdomoni. Alipomwona, akakimeza. Soroche, ule ugonjwa wa kukosa hewa, tunaufahamu, hauchezewi. Dawa yake kubwa ni kumshusha mtu, na kumshusha sasa hivi.

Nikamvuta Lucero mpaka pale. Edi akainua macho.

"Mama mdogo," alinong'ona kwa Kikechua, "si huyu. Nakuomba. Mwingine yeyote."

"Wengine wote wamebeba watu. Ni huyu au ni mgongo wangu, na mgongo wangu umezeeka."

Yesenia alinitazama usoni, akakitazama kizibao. "Wewe ulikuwa jana jikoni. Wewe ni mama yake mdogo," alisema. "Ulikuwa umesimama pale chini, na yeye akapita."

Nilishughulika na kamba ya tandiko.

Don Hipólito akavua kofia. "Tunarudi wote. Mlima haukimbii."

"Hapana, mzee," alisema Edi amefumba macho. "Endeleeni. Nawaomba sana, endeleeni." Ukisikia ungedhani ni wema. Mimi nililiona jasho lake. Hakutaka watu zaidi wa kumtazama.

Niliwahakikishia kwamba akishuka atapata nafuu, na Nicasio akasema wamngoje hapo, atamshusha mgeni aliyempandisha kisha arudi kumchukua mzee. Tukampakia Edi kama gunia la viazi, tumbo juu ya tandiko kwanza, kisha mguu mmoja, kisha wa pili. Tukageuka kushuka. Wenzangu wote waliokuwa wanapanda walitupisha njia, na kila aliyetupisha alimjua. Hakuna aliyesema neno la kejeli. Nadhani angalau moja lingemsaidia. Alilaza uso kwenye manyoya ya shingo ya farasi, akaificha sura mpaka mwisho wa bonde.

Yesenia alitembea ubavuni mwangu.

"Farasi ni wako, mama?" aliniuliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Nilitazama njia, nikasema, "Wa dada yangu."

"Dada yupi?"

"Ninaye mmoja tu."

Yesenia aligusa shingo ya Lucero. Kisha akasema, si kwangu, "Baba yangu amezibua vyoo vya watu maisha yake yote, Edi. Nilikwambia siku ya kwanza tulipokutana. Ulinishika mkono ukasema hilo si kitu."

Edi alisikia. Niliona vidole vyake vikikaza manyoya.

Saturnina alikuwa uani, bado na sketi ya sikukuu, anafukia viazi kwenye udongo wa moto kwa ajili ya karamu ya jioni. Alipoona Lucero anaingia na aliyelala juu yake, akatupa kila kitu akakimbia. Akashika hatamu karibu na mdomo, akamtuliza farasi kwa lile neno lake la kazini, akatia bega chini ya kwapa la mwanawe tayari kumshusha, kama alivyowashusha mamia. Halafu akakumbuka.

Niliona alivyokumbuka. Mkono ulifunguka, hatamu ikaanguka. Akarudi nyuma hatua moja, akafuta kiganja kwenye sketi, akamtazama Edi usoni kuangalia kama amekasirika.

Edi alikuwa mgonjwa, lakini hilo aliliona. Mtu mzima yule alianza kulia pale pale juu ya farasi, bila sauti, kamasi zinamtoka, na hakuwa na mkono wa kujifutia kwa sababu mikono yote imeshikilia asianguke.

"Mshike mwanao," nikamwambia dada yangu kwa ukali. "Au nimshushe mimi?"

Akamshusha.

Wakwe walirudi baadaye, mvua ya mawe ikiwa imewachapa njiani, wamelowa na wanacheka. Don Hipólito alikuwa amefika. Sehemu kubwa kwa farasi wa Nicasio, ule mwinuko wa mwisho kwa miguu yake, amekaa chini mara nyingi kuliko alivyosimama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa jua au kwa jambo jingine. Edi alikuwa amekaa ukutani na blanketi, rangi imeanza kumrudia, kikombe cha koka mkononi. Lucero alikuwa amefungwa pale uani; hakuna aliyekuwa na nguvu za kumvusha mto tena.

"Huyu ndiye aliyekuokoa," alisema Doña Zoila, akimpapasa farasi. "Mzuri! Ni wa nani?"

Saturnina alimtazama mwanawe. Yesenia naye alimtazama. Mimi nilitazama viazi.

"Wa mama," alisema Edi. "Ni farasi wa mama. Yeye ndiye huwapandisha watu, kila siku. Hana wachungaji. Hakuwahi kuwa nao." Akatafuta hewa. "Mimi nilimwambia amfiche."

Kisha akageuka kumtafsiria mama yake aliyoyasema, kwa Kikechua chake kilichovunjika. Saturnina akamzuia kwa mkono.

"Naelewa, mwanangu," alisema kwa Kihispania, taratibu, neno kwa neno. "Acha kujichosha."

Edi alibaki mdomo wazi. "Tangu lini?"

"Wageni walipoanza kuja. Utamshikiaje mtu farasi kama huelewi anaposema anaogopa?"

"Basi jana..."

"Jana nilikuwa mwenyeji," alisema, akaenda kufunua viazi.

Nimemwona Edi akipigwa mijeledi na marehemu babake kwa kupoteza kondoo. Uso wake haukuwa vile. Alijifunika blanketi mpaka kwenye pua, na kwa muda mrefu tukaona macho tu, yanayotazama chini.

Don Hipólito alikula viazi vyake taratibu. Alipomaliza, akapangusa mikono, akasema bila hasira, "Mkwe wangu, ningefurahi kupandishwa mlima na mama yako. Farasi hana tatizo. Tatizo langu ni kutafsiri. Mtu anayeyageuza maneno ya mama yake mbele ya uso wake, ya binti yangu atayafanyaje?"

"Sijui, mzee," alisema Edi.

"Nami sijui."

Waliondoka kesho yake. Kwaheri zilikuwa za upole, lakini siku ya harusi, waliyokuja kuipanga, haikutajwa. Doña Zoila alimkumbatia dada yangu mara mbili. Edi alipanda gari mwisho, baada ya kusimama mbele ya mama yake akitafuta neno. Hakulipata. Kikechua chake hakina neno kubwa kiasi hicho, na Kihispania hakuthubutu kukitumia tena mbele yake. Saturnina akamfunga kitambaa cha sufi shingoni kama anavyomfunga mgeni yeyote anayeona baridi.

Nilimrudishia kizibao. Kesho yake alikuwa kwenye mstari.

Wakati wa kuvuna viazi Yesenia alikuja, peke yake, akatusaidia kuchimba kwa siku kadhaa na mgongo ukamuuma. Hakusema kama ameshaamua, na sisi hatukumuuliza. Edi alifika siku ya mwisho. Alikuwa amelala Cusco siku nyingi kwanza, tulijua kwa jinsi alivyopumua. Hakuingia. Alisimama kwenye lango la ukuta wa mawe, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuuliza njia, na majirani wakipita walimsalimu naye akawaitikia akitazama viatu vyao.

Saturnina aliendelea kuchambua viazi, vikubwa huku, vidogo kule. Nilidhani hajamwona.

"Mwambie aingie," aliniambia hatimaye. "Na umwambie wewe, kwa maneno yangu haya haya, usijazie kitu."

Nikainuka, nikaenda langoni.